Jino Bovu: Litibiwe au Ling'olewe?

Katika maradhi yanayoingia nyumbani mwetu, ni machache yanayodharauliwa kama maradhi ya jino. Homa ikimshika mtoto, nyumba nzima hailali. Tumbo likimsokota mzee, gari hutafutwa usiku huo huo. Lakini jino likiuma, mgonjwa huambiwa asukutue kwa maji ya chumvi, abane karafuu, anunue vidonge viwili dukani, na avumilie. Akivumilia siku tatu na maumivu yakaondoka, watu husema, "Alhamdulillahi, limepoa," na habari ya jino hilo husahauliwa.

Makala haya twayaandika kwa ajili ya neno hilo moja, "limepoa", kwani ndilo linalowatia watu hatarini kuliko hata maumivu yenyewe. Yatupasa sote, wazazi na vijana, tujue ni lini jino limepona na ni lini limenyamaza tu, ili siku tutakayotakiwa kuamua, tuamue kwa ujuzi wala si kwa woga.

Jinsi jino linavyooza

Jino si kipande cha mfupa mkavu kama wengi wanavyodhani. Kwa nje lina gamba jeupe, gumu kuliko kitu kingine chochote katika mwili wa mwanadamu. Chini ya gamba hilo iko sehemu ya rangi ya manjano, iliyo laini kidogo. Na katikati kabisa mna uwazi mwembamba unaoshuka mpaka ncha ya mzizi, na ndani yake mna nyama laini yenye mishipa ya damu na mishipa ya fahamu. Nyama hiyo ndiyo uhai wa jino, nasi tutaiita kiini.

Kinywa cha kila mtu kina vijidudu. Mtu alapo vitu vya sukari, vijidudu hivyo hula pamoja naye, na katika kula kwao hutoa asidi inayolainisha gamba la jino. Mate huiondoa asidi hiyo na kulitengeneza gamba kidogo kidogo. Lakini mtu anywaye chai tamu na soda mara nyingi kwa siku hayapi mate nafasi ya kufanya kazi yake. Watu wa kale, tangu zama za Babeli, walidhani ya kuwa ndani ya jino bovu mna mdudu anayelitafuna. Mfaransa Pierre Fauchard aliikataa dhana hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1728, na mwaka 1890 Willoughby Miller, Mmarekani aliyekuwa akifundisha Berlin, alieleza kazi ya vijidudu na asidi kama tulivyoitaja hapa. Hata hivyo, maneno ya mdudu wa jino bado hayajafa midomoni mwa watu.

Basi, tundu likiwa bado katika gamba, hakuna maumivu yoyote. Likifika sehemu ya manjano, maji baridi na vitu vitamu huuma kwa nukta chache, kisha maumivu yakaisha. Hapo jino laweza kuzibwa tu, kiini kikasalimika, na mambo yakaishia hapo. Likiachwa, uozo hukikaribia kiini, nacho huvimba. Lakini kwa kuwa kimefungwa ndani ya kuta ngumu, hakina nafasi ya kuvimbia. Hiyo ndiyo sababu ya yale maumivu makali ya usiku, yajayo yenyewe bila jino kuguswa, yazidiyo kwa kitu cha moto na mtu alazapo kichwa mtoni.

Mwisho kiini hufa. Na kikifa, maumivu huondoka, kwa sababu mishipa ya fahamu imekufa pamoja nacho. Hapo ndipo watu husema, "Limepoa." Waama, lililokwisha si maradhi bali ni fahamu ya kuyatambua. Vijidudu sasa vimepata nyumba isiyo na mlinzi, vikashuka kwa njia ya mzizi mpaka ndani ya taya, na huko vikafanya usaha. Huenda zikapita wiki, au miezi, au hata miaka. Kisha siku moja jino huanza kuuma kila mtu anapotafuna, au kipele hutokea kwenye ufizi kikitoa usaha wenye ladha mbaya, au mtu huamka asubuhi shavu limevimba.

Wala haya si maradhi ya watu wachache. Taarifa ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2022 ilikisia ya kuwa watu wapatao bilioni 2 ulimwenguni wana meno ya ukubwani yaliyooza, na watoto milioni 514 wana meno ya utotoni yaliyooza.

Dawa za dukani

Shavu likivimba, aghalabu njia ya kwanza ni duka la dawa. Muuzaji hutoa vidonge vya antibiotiki, uvimbe hupungua baada ya siku mbili tatu, na mgonjwa huamini ya kuwa amepona. Baada ya muda uvimbe hurudi, naye hurudi dukani. Wako watu waliofanya hivi kwa jino moja mara tatu au nne, na kila mara hushangaa kwa nini dawa "haishiki".

Sababu yake ni nyepesi kufahamika. Dawa iliyomezwa husafiri kwa njia ya damu. Lakini ndani ya jino lililokufa hamna tena damu inayopita. Dawa huweza kuvipunguza vijidudu vilivyotoka nje na kuenea nyamani, lakini haiwezi kuvifuata vile vilivyojificha ndani ya mzizi. Ni mfano wa mtu apigaye deki sakafu kila siku na bomba linavuja ukutani. Ndiyo maana Chama cha Madaktari wa Meno cha Marekani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, kilishauri kwamba pale ambapo mgonjwa aweza kutibiwa jino lenyewe, katika hali nyingi za namna hii antibiotiki hazihitajiwi. Huhitajiwa hasa maradhi yanapoenea mwilini, kama vile mgonjwa kuwa na homa. Tena dawa hizi zikitumiwa ovyo, vijidudu huzizoea, na siku ya haja ya kweli zikashindwa kufanya kazi.

Na karafuu je? Karafuu yetu ya Unguja na Pemba ina mafuta yanayotia ganzi kidogo, na madaktari wa meno wenyewe wameyatumia miaka mingi. Yafaa kwa kutuliza mpaka kesho, wala hayaponyi. Maji ya uvuguvugu yenye chumvi nayo husafisha na kutuliza. Vidonge vya kutuliza maumivu ni halali ya mgonjwa kwa kipimo kilichoandikwa, ila mwenye vidonda vya tumbo, au maradhi ya figo, au mama mjamzito, aulize kwanza ni kidonge kipi kinachomfaa. Lakini wale wanaosaga aspirini na kuiweka kwenye ufizi hujiunguza nyama ya kinywa bure. Na wale watoboao jipu kwa sindano au kwa wembe nyumbani hulisukuma balaa mahali pengine.

Njia mbili za kweli

Jino ambalo kiini chake kimekufa lina njia mbili tu za tiba ya kweli. Ya kwanza ni kuusafisha mzizi na kulibakisha jino. Ya pili ni kuling'oa. Njia zote mbili shabaha yake ni moja, nayo ni kuiondoa nyumba ya vijidudu. Na kama usaha umekusanyika, daktari huutoa pia. Kuliacha jino likae si njia ya tatu, bali ni kuikimbia kazi.

Kuchagua baina ya njia hizi si jambo jipya. Tabibu Mwislamu wa Andalusia, Abu al-Qasim al-Zahrawi, aliyefariki karibu na mwaka 1013, aliandika habari za meno katika kitabu chake Kitab al-Tasrif, na akachora vyombo vya kazi hiyo. Aliwausia matabibu wasikimbilie kung'oa, bali wajaribu kila njia ya kuliponya jino, kwa kuwa likitoka halina badala yake. Tena aliwaonya wahakikishe kwanza ni jino lipi lililo bovu, kwani maumivu humdanganya mgonjwa, hata akataka ling'olewe jino zima na bovu likabaki. Maneno hayo yana umri wa miaka 1000 na zaidi, na kila daktari wa meno wa leo atayakubali. Siku hizi picha ya eksirei humwonyesha daktari mizizi na mfupa, naye huligonga kila jino na kulijaribu kwa kitu baridi, ili asiyategemee maneno ya mgonjwa peke yake.

Katika njia ya kwanza, daktari hutia ganzi, hutoboa jino kwa juu, huondoa kiini kilichooza, huosha na kupanua njia ya mzizi kwa vyombo vyembamba, kisha huijaza na kuiziba. Kazi hii huweza kumalizika kwa siku moja, au ikahitaji kurudi mara mbili tatu. Jino la nyuma, ambalo ndilo la kutafunia, aghalabu huhitaji kuvikwa kofia baadaye ili lisipasuke. Tafiti nyingi zimeonyesha kwamba katika meno 10 yaliyotibiwa hivi vizuri, 8 au zaidi hudumu kinywani kwa miaka mingi. Ubaya wake ni gharama, ambayo ni kubwa mara kadhaa kuliko ya kung'oa, tena vituo vingi vya afya vijijini havina vyombo vya kazi hiyo.

Njia ya pili, yaani kung'oa, ni ya haraka na nafuu. Ndiyo ifaayo jino likiwa limevunjika mpaka chini ya ufizi, au mzizi umepasuka, au mfupa unaolishika umekwisha kuliwa. Ubaya wake huonekana baadaye: meno ya jirani hulalia pengo, jino la upande wa pili hushuka au hupanda, na utafunaji hupungua. Wahenga walisema jino la pembe si dawa ya pengo. Meno ya bandia ya leo ni mazuri kuliko ya zamani, lakini nayo yana gharama yake, na hayalingani na lile alilotupa Mwenyezi Mungu.

Basi ushauri wetu ni huu. Jino likiwa bado lina mwili wa kutosha, na jamaa wana uwezo, na daktari mwenye vyombo yuko karibu, litibiwe. Hasa likiwa la kijana, ambaye ana miaka mingi ya kulitumia. Lakini uwezo ukiwa haupo, ling'olewe mapema bila ya kuona haya. Kung'oa leo ni bora kuliko kutamani tiba ya ghali mwaka mzima na usaha ukiwa ndani ya taya. Kabla ya kuamua, mgonjwa amwulize daktari mambo manne: Je, jino hili laweza kuokolewa, na litadumu? Gharama yote ni kiasi gani, pamoja na kofia? Nitarudi mara ngapi? Na nikiliacha, kutatokea nini? Daktari mwema hachukizwi na maswali haya.

Wako wanaoogopa kwa sababu ya maneno waliyoyasikia. Husemwa kwamba ukiling'oa jino la juu, jicho litapofuka. Hili halina ukweli, kwani mshipa unaoona si ule wa jino. Husemwa pia kwamba jino haling'olewi shavu likiwa limevimba. Zamani watu walingojeshwa, lakini siku hizi mara nyingi haina haja ya kungoja. Daktari ndiye atakayepima. Na anayeogopa maumivu ajue ya kuwa dawa ya ganzi iitwayo lidokeini, iliyogunduliwa Sweden mwaka 1943, imeigeuza kazi hii kuwa tofauti kabisa na ile waliyosimulia babu zetu.

Likisha ng'olewa, mgonjwa abane pamba kwa muda wa nusu saa, asisukutue wala asiteme kwa nguvu kwa siku nzima, na asivute sigara. Maumivu hupungua kila siku. Yakizidi siku ya tatu au ya nne badala ya kupungua, arudi kwa daktari.

Hatari ya kuchelewa

Huenda msomaji akasema, "Jino ni jino tu, halimwui mtu." Na asidhani kwamba maafa haya huwafika watu wa nchi maskini peke yao. Mwezi wa Februari mwaka 2007, katika jimbo la Maryland huko Marekani, mtoto wa miaka 12 alifariki baada ya vijidudu vya jino lake bovu kufika kwenye ubongo. Alipasuliwa kichwa mara mbili na kukaa hospitali zaidi ya wiki 6. Magazeti ya huko yaliandika kwamba kuling'oa jino lile kungaligharimu dola 80 tu, na gharama za hospitali zilikisiwa kuwa robo ya milioni. Mama yake alikuwa akihangaika kumtafutia daktari ndugu wa mtoto huyo, ambaye meno yake ndiyo yaliyokuwa yakilalamikiwa. Jino lililoua ni lile lililokuwa kimya.

Njia nyingine ya maafa ni kooni. Mwaka 1836 daktari Mjerumani Wilhelm Friedrich von Ludwig alieleza uvimbe mgumu unaotanda chini ya kidevu, ukauinua ulimi na kuiziba njia ya pumzi. Aghalabu chanzo chake ni magego ya chini yaliyooza.

Kwa hivyo, kila mwenye nyumba azihifadhi dalili hizi: uvimbe unaoenea chini ya taya, shingoni au karibu na jicho, kushindwa kufungua kinywa, kushindwa kumeza hata mate, sauti kubadilika, homa na kutetemeka, na kubwa kuliko yote, pumzi kuwa nzito. Ikitokea mojawapo, hapana tena habari ya kungoja asubuhi. Mgonjwa apelekwe hospitali kubwa saa hiyo hiyo.

Tena wako wasiopaswa kuchelewa hata kidogo. Mwenye maradhi ya kisukari, usaha humwenea upesi, nao usaha huo huipandisha sukari yake. Mama mjamzito aweza kutibiwa jino na kutiwa ganzi, hasa katika miezi ya katikati. Kuubakisha usaha mwilini ndiko kubaya zaidi kwake. Mwenye maradhi ya moyo, na atumiaye dawa za kuifanya damu iwe nyepesi, amwambie daktari kabla ya kuguswa, wala asiache dawa zake kwa shauri lake mwenyewe.

Saumu na stara

Wako ndugu wanaokaa na jino bovu mwezi mzima wa Ramadhani wakichelea kufungua. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Jeddah mwaka 1997, liliamua kwamba kutoboa jino, kuling'oa na kusafisha meno hakubatilishi saumu, maadamu mtu amejihadhari na kumeza kilichofika kooni. Awezaye kungoja usiku bila madhara na afanye hivyo. Na aliyezidiwa hata ikamlazimu dawa mchana, dini imempa mgonjwa ruhusa ya kula na kulipa siku zake. Vivyo hivyo, wako akina mama wanaovumilia kwa kukosa daktari mwanamke. Akipatikana ni bora, na asipopatikana, aende kwa daktari aliyepo akiwa pamoja na mumewe au ndugu yake. Ni juu ya waume kuwapeleka wake zao, wala si kungoja mpaka mama alie.

Meno ya watoto

Kwa watoto wetu twataka kusema maneno mawili. La kwanza, usaha chini ya jino la utotoni huweza kuliharibu jino la ukubwani linaloota chini yake, basi asiseme mzazi, "Liache, litang'oka lenyewe." La pili, mtoto afikapo karibu miaka 6, huotewa na gego la kwanza la ukubwani, nyuma ya yale ya utotoni, bila ya jino lolote kung'oka kwanza. Wazazi wengi hawalitambui. Hulidhani la utotoni, likaoza na kung'olewa kabla mtoto hajatimiza miaka 12. Mtazame mwanao kinywani leo usiku, ulijue gego hilo na ulilinde.

Kinga yenyewe si ngumu. Meno yapigwe mswaki mara mbili kwa siku kwa dawa yenye floraidi, moja ya mara hizo ikiwa kabla ya kulala. Vitu vitamu viwekwe wakati wa chakula, visiwe vya kutafunwa kutwa. Na tundu dogo lizibwe lingali dogo. Sisi ambao tumefunzwa kupiga mswaki kabla ya sala hatuna udhuru wa kuwa nyuma katika jambo hili.

Ndugu wasomaji, usipoziba ufa utajenga ukuta. Pengine katika nyumba yako yuko mtu ambaye jino lilimkesha mwaka jana, kisha likanyamaza, naye akashukuru na kusahau. Mwulize ni jino lipi. Mtazame ufizi wake. Kisha mpeleke kwa daktari wa meno wiki hii, angali anacheka na kula vizuri, kwani huo ndio wakati ambapo kuchagua baina ya kutibu na kung'oa kungali mikononi mwenu.